Jembe halimtupi mkulima: waliorudi shambani baada ya miaka ya mshahara



Hapa Auderghem, kila tunapokutana, iwe kwenye harusi, kwenye matanga au kwenye komunyo ya mtoto wa jirani, lipo neno ambalo halikosi kusemwa kabla sahani hazijakusanywa: "Mimi nikimaliza kazi za huku, narudi nyumbani kulima." Mmoja atataja Kalemie, wa pili Morogoro, wa tatu Kitale au Gitega. Anayesema ana miaka 20 ya kusafisha ofisi, ya kuendesha basi, au ya kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Waliokaa naye hutikisa vichwa kukubali, kwa sababu kila mmoja wao analo shamba lake moyoni. Na kama mzee yupo, atamalizia kwa methali: jembe halimtupi mkulima.

Methali hiyo ni ya kweli, ila mara nyingi tunaisikia nusu. Imemtaja mkulima. Haikumtaja kila mtu aliyezaliwa kijijini, wala kila mwenye kiwanja cha urithi. Katika makala hii nataka tuwatazame watu walioacha mshahara, au walioachwa na mshahara, wakarudi kwenye jembe. Tutaanza hapa hapa tunapokaa, kisha tutakwenda Katanga ambako habari yenyewe ni nzito zaidi, na tutapita Tanzania na Kenya kwa ufupi. Tutaona kwamba waliowarudisha watu shambani, karibu wote, walikifikiria kilimo kama godoro lililotandikwa chini kumpokea kila anayeanguka. Tutaona pia nani alikuwa akilitandika godoro hilo.

Kijiji kilichouza mashamba yake

Anayeshuka leo kwenye kituo cha metro cha Herrmann-Debroux, akaona magari na majengo ya ofisi, hawezi kuamini kwamba Auderghem ilikuwa kijiji cha wakulima na wakata kuni. Jina la Kiflemi, Oudergem, kwa kawaida hufasiriwa kuwa makao ya zamani. Watawa wa kike wa Kidominiko walianzisha hapa nyumba ya Val Duchesse mwaka 1262, na karne moja baadaye, mwaka 1367, watawa wa kiume wakaanza Rouge-Cloître ndani ya msitu wa Soignes. Nyumba hizo ziliishi kwa ardhi. Mabwawa ya Rouge-Cloître, ambayo sisi tunayazunguka na watoto siku za Jumapili, yalikuwa mabwawa ya samaki wa kuliwa.

Auderghem ikawa komuni yenye kujitegemea mwaka 1863, ilipotengwa na Watermael. Baada ya hapo mambo mawili yaliiondoa kwenye jembe. La kwanza ni bei. Katika miaka ya 1870 na 1880 ngano ya bei ndogo kutoka Marekani na Urusi iliingia Ulaya kwa meli na reli, na mkulima mdogo wa Ubelgiji akashindwa kushindana nayo. La pili ni usafiri. Reli na tramu zilimwezesha kijana wa mkulima kwenda Brussels asubuhi na kurudi jioni akiwa na mshahara mfukoni. Shamba moja baada ya jingine likawa viwanja vya nyumba. Mwaka 1922 mtaalamu wa mimea Jean Massart alianzisha karibu na Rouge-Cloître bustani ya Chuo Kikuu Huria cha Brussels, ambayo ipo mpaka leo na inabeba jina lake. Humo utakuta mimea ya mazao imepandwa kwa mafungu ili wanafunzi waitazame. Kijiji kilichokuwa kikilima kimekuwa mahali ambapo mazao huonyeshwa.

Lakini hata walioacha kulima hawakuliachia jembe kabisa. Mwaka 1896 Ubelgiji ilianzisha Ligue du Coin de Terre, chama kilichozitafutia familia za wafanyakazi vipande vya ardhi vya kupanda mboga. Viongozi wake waliamini kwamba mfanyakazi mwenye bustani atakuwa mtulivu, atakaa mbali na baa, na watoto wake watashiba. Vipande vile vilikuwa vidogo, havikumfanya mtu kuwa mkulima, lakini vilimwachia mkono unaojua udongo.

Gramu 225

Mkono huo ulihitajika upesi. Katika vita vya 1914 hadi 1918, na tena Wajerumani walipoikalia nchi kuanzia Mei 1940, chakula kiliadimika. Ubelgiji ilikuwa imezoea kununua sehemu kubwa ya nafaka zake kutoka nje, na sasa bandari zilikuwa zimefungwa. Mgawo wa mkate uliwekwa gramu 225 kwa mtu kwa siku. Makarani, makondakta wa tramu na mafundi wakashika sepetu. Bustani za maua, viwanja vilivyokuwa vikingoja kujengwa na kingo za reli vikapandwa viazi na kabichi. Watu walikwenda vijijini kwa baiskeli kubadilisha shuka na saa kwa gunia la viazi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mkulima ndiye aliyekuwa akibembelezwa.

Kumbukumbu ya njaa ile iliingia katika siasa. Mwaka 1956 wajumbe wa nchi sita za Ulaya, chini ya uenyekiti wa Mbelgiji Paul-Henri Spaak, walikutana katika jumba la Val Duchesse, hapa hapa Auderghem, wakatayarisha mikataba iliyotiwa saini Roma tarehe 25 Machi 1957. Wengi tunapita nje ya ukuta wa jumba hilo bila kujua. Mkataba ulioanzisha soko la pamoja uliweka malengo ya kilimo waziwazi: mkulima azalishe zaidi, apate maisha yanayostahili, masoko yatulie, chakula kisikosekane, na mlaji auziwe kwa bei ya haki. Tangu mwaka 1962 siasa ya pamoja ya kilimo ikaanza kuhakikishia bei za nafaka, kisha maziwa na mazao mengine. Mtu anaweza kuilaumu siasa hiyo kwa mengi, na sisi Waafrika tunayo ya kuilaumu, kwa maana maziwa ya unga na nyama iliyozidi huku iliuzwa kwetu kwa bei ambayo mfugaji wetu hakuiweza. Hata hivyo ndani yake mna jambo la kujifunza. Watu waliokula gramu 225 walikubaliana kwamba kilimo ni kazi, na kazi hulipwa. Hawakusema tu kwamba ardhi ipo.

Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi zilitajwa katika mkataba huohuo, zikiwekwa katika kundi la nchi za ng'ambo zilizoshirikishwa. Lakini kule ng'ambo mkulima alikuwa na historia nyingine kabisa.

Katanga: kwanza walitolewa shambani

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka 1911. Shaba ilikuwa tele, watu wa kuichimba walikuwa wachache. Mwaka 1910 ikaanzishwa ofisi ya kutafuta wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga. Watafutaji wake walipita vijijini, walikubaliana na machifu, na vijana wakaondoka, wengine kwa hiari, wengi kwa kusukumwa na kodi na kwa amri. Katika miaka ya 1920 walitafutwa hadi Ruanda-Urundi.

Mwanzoni mtu alikaa miezi michache, akarudi kijijini kulima, akaenda tena. Kuanzia karibu mwaka 1928 kampuni ilibadili mwendo. Ilitaka fundi anayekaa, kwa hiyo ikatoa mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu mke na watoto, ikajenga kambi, shule na hospitali. Chakula kilitolewa kwa mgawo wa wiki: unga, maharage, samaki, nyama. Mgawo huo ndio posho, na neno hilo lilisafiri mbali. Ndugu zetu wanaosema Kilingala huiita wiki mposo, na wengi husema kwamba asili yake ni hiyohiyo posho. Fikirini maana yake: wakati wenyewe ulianza kuhesabiwa kwa siku ya kupewa unga. Nyuma yake mtu alihesabu kwa mvua, kwa kupanda na kwa kuvuna.

Wakati huohuo kilimo kijijini kilikuwa kikipakwa rangi mbaya. Tangu mwaka 1917 serikali ya kikoloni ililazimisha mazao: pamba hapa, mpunga pale, mihogo kwingine. Kila mwanamume alipaswa kutoa hadi siku 60 kwa mwaka, na mwaka 1942, kwa ajili ya vita, siku hizo zikapandishwa hadi 120. Asiyetimiza alijua faini, jela na kiboko. Kwa hiyo mwaka uleule ambao karani wa Brussels alipanda viazi kwa ajili ya tumbo la mwanawe, mkulima wa Kongo alilimishwa kwa ajili ya vita ambavyo hakuvianzisha. Je, tushangae kwamba baba aliyefika kambini aliapa mwanawe hatashika jembe? Kwake jembe lilikuwa amri, na mshahara ulikuwa namna ya uhuru, ingawa nao ulikuwa na minyororo yake. Wafanyakazi wa Union Minière walipogoma Desemba 1941 kudai mshahara unaolingana na bei za vita, askari waliwafyatulia risasi Élisabethville, na makumi ya watu wakafa.

Tayari kulikuwa na fundisho moja ambalo halikusikilizwa. Anguko la uchumi la mwaka 1930 na kuendelea liliifanya kampuni iwaondoe maelfu ya wafanyakazi. Waliambiwa warudi vijijini. Serikali na kampuni ziliona jambo hilo kuwa rahisi, maana kijiji hakidai fidia. Hapo ndipo wazo la godoro lilipozaliwa: mshahara ukikatika, shamba litampokea. Gharama ya kumpokea ililipwa na waliobaki kijijini, hasa wanawake, na haikuandikwa katika daftari lolote.

Baba aliyewaacha wanawe

Baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 na miaka ya Katanga kujitenga, serikali ya Mobutu iliitaifisha Union Minière kuanzia Januari 1967, na kampuni ikaja kuitwa Gécamines. Desturi ya kambi iliendelea: nyumba, shule, hospitali, unga. Kampuni ilikuwa hata na mashamba yake makubwa ya mahindi. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka na kuajiri watu zaidi ya 30,000. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa jina linaloeleza yote: wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni.

Baba alianza kuanguka kabla ya kuwaacha. Fedha za kampuni zilinyonywa na utawala, mitambo haikutengenezwa, na Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1991 miji ikaporwa. Mwaka 1992 na 1993 ukafuata msiba wa kufukuzana: mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walitimuliwa Likasi, Kolwezi na miji mingine. Walilala wiki nyingi kwenye stesheni wakingoja mabehewa, na wengi walikufa njiani. Waliambiwa warudi kwao. Lakini wengi wao walizaliwa kambini Katanga, na wengine hata baba zao walizaliwa huko. Walifika Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi au Kananga wakiwa mafundi wa umeme, walimu na makarani, wakaonyeshwa pori. Kwa watu hao neno "kurudi" lilikuwa tusi. Mtu harudi mahali ambapo hakuwahi kuwa.

Waliobaki Katanga nao walikuwa wakienda shambani kimya kimya. Mshahara ulipochelewa mwezi mmoja, kisha sita, kisha mwaka, wake zao walifungua mashamba kando ya barabara za Kipushi, Likasi na Kasumbalesa. Walipanda mahindi, karanga, viazi vitamu na mihogo, na majira ya kiangazi wakafanya bustani za lengalenga na kabichi kandokando ya mito. Asubuhi bwana alikwenda kiwandani kukaa mbele ya mashine isiyozunguka. Bibi alikwenda kulima. Jioni waliyokula ni ya bibi. Dibwe ameeleza vizuri jinsi mamlaka ndani ya nyumba yalivyohama pamoja na chakula. Baba aliyekuwa akileta unga sasa alipewa bukari iliyopikwa kwa unga ambao hakuujua ulikotoka.

Kisha ukaja mwaka 2003. Gécamines ilikuwa ikitoa shaba chini ya tani 20,000, na wafanyakazi walikuwa wakidai mishahara ya miezi na miezi. Kwa fedha za Benki ya Dunia ukaandaliwa mpango ulioitwa Départs Volontaires, kuondoka kwa hiari. Katika muda wa miezi michache wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipokea fidia na kuacha kazi. Hiari hiyo ilikuwa ya mtu anayezama kuchagua kamba. Wengi wao walidai miaka mingi baadaye kwamba kiasi walicholipwa kilikuwa chini ya haki yao kisheria. Waliambiwa wajitegemee, na kwa wengi kujitegemea kulimaanisha biashara ndogo au shamba.

Hesabu ya hekta moja

Hapa tusimame kidogo, kwa maana ndipo penye somo. Tuchukue fundi wa miaka 55 aliyepata hekta moja ya msitu wa miombo nje ya Lubumbashi. Udongo wa huko ni mwekundu, wenye asidi, na rutuba yake huisha haraka. Mvua huanza Novemba na kukoma Machi au Aprili. Anayepanda mahindi baada ya Desemba amechelewa. Ili hekta hiyo izae vizuri inahitaji mbegu bora, na kwa kawaida mifuko 4 ya kilo 50 ya mbolea ya kupandia na mifuko 4 ya urea ya kukuzia. Inahitaji palizi mbili, na palizi haingojei mtu apone malaria. Bila mbolea, hekta hiyo hutoa kama tani moja, mara nyingi pungufu. Familia ya watu 8 inayokula bukari kila siku huimaliza tani hiyo ndani ya mwaka. Hakuna cha kuuza, hakuna ada ya shule, hakuna dawa. Akitumia mbolea anaweza kupata tani tatu au zaidi, lakini mbolea hununuliwa Oktoba, na fedha za mahindi huonekana Mei. Katikati kuna miezi ya njaa, Januari hadi Machi, ambapo ghala ni tupu na shamba ni kijani.

Sasa ifikirieni fidia ya mkupuo. Aliyeishika Agosti ilibidi ailinde kwa miezi mitatu dhidi ya madeni ya duka, karo na ndugu wagonjwa. Aliyeishika Februari alikuwa amekosa msimu, akalazimika kuila hadi Novemba. Ardhi yenyewe haikuwa yake. Karibu na mji ilikuwa mikononi mwa machifu, kama Kaponda, na mgeni alilipa ili kuonyeshwa sehemu, bila hati ya kumlinda pale atakapokuja mwenye fedha nyingi zaidi. Na nguvu kazi ilikuwa ikikimbia. Sheria ya madini ya mwaka 2002 iliwatambua wachimbaji wadogo, na bei ya kobalti ilipopanda, vijana ambao wangelimia wazazi walishuka mashimoni, ambako waliweza kupata kwa siku moja fedha ya wiki nzima ya jembe.

Kwa hiyo wengi waliuza mashamba yao kabla ya msimu wa tatu. Waliofaulu walifanana kwa jambo moja: mke, au mama mkwe, alikuwa tayari analima. Alijua chifu gani ana neno, mbegu ipi inavumilia, mnunuzi yupi halipi. Fidia ya bwana iliingia katika kazi iliyokuwa ikitembea. Haikuanzisha kitu, iliongezea mbolea na ekari.

Wakubwa nao walijaribu njia yao. Gavana Moïse Katumbi, aliyeiongoza Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, alizitaka kampuni za madini kila moja ilime hekta 500. Zipo zilizolima, zipo zilizolima kwa ajili ya picha. Mwaka 2016 Zambia ilipozuia mahindi yake yasitoke nje, bei ya unga Lubumbashi ilipanda ghafla, na mji wenye shaba na kobalti ya dunia ukakumbushwa kwamba bado unakula kutoka ng'ambo ya Kasumbalesa.

Geza ulole

Ndugu wa Tanzania na Kenya wasidhani habari hii ni ya Wakongo peke yao. Baada ya uhuru wa 1963 Mzee Kenyatta aliwahimiza vijana waliofurika Nairobi warudi mashambani. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilisema wazi kwamba kilimo ndicho msingi wa maendeleo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, ng'ambo ya bahari kusini mwa Dar es Salaam, vijana wasio na kazi wa mjini walipelekwa katika kijiji cha ujamaa cha Gezaulole, jina ambalo kwa Kizaramo maana yake ni jaribu uone. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi: waliokosa kitambulisho cha kazi walikamatwa mitaani na kupelekwa vijijini na kwenye mashamba ya mkonge. Sehemu kubwa yao walirudi mjini baada ya muda mfupi, wengine kwa miguu. Hawakuwa wavivu. Walipewa jembe bila mbegu, bila nyumba, bila chakula cha kuwafikisha kwenye mavuno. Na mfanyakazi wa serikali aliyepunguzwa kazini katika miaka ya 1990 alipewa kiinua mgongo na ushauri uleule: nenda kalime.

Kenya ilitoa mfano wa namna nyingine. Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 iliruhusu watumishi wa serikali wawe na biashara na mashamba yao wenyewe. Ndipo akatokea mkulima wa simu, bwana aliyekaa ofisini Nairobi na kuuliza ng'ombe wamekamuliwa lita ngapi. Wapo waliotajirika. Lakini wengi waligundua siku ya kustaafu kwamba shamba walilokuwa wakilisikia na shamba lililokuwepo ni vitu viwili.

Na sisi wa huku

Sisi wa Brussels ni wakulima wa simu kuliko wote, maana simu yetu huvuka bara. Tunatuma fedha za trekta, za kisima, za miche ya parachichi. Huku nako hatujakaa bure: wapo wenzetu waliokodi vipande vya bustani, na majira ya joto yanapokuwa mema lengalenga na matembele huota vizuri kuliko yale yanayotufikia Matonge yamesinyaa. Ni jambo jema, na mkono haupotei. Ila bustani ya mita 50 haitufundishi mwezi wa Februari wenye ghala tupu.

Historia niliyoisimulia inadai tufanye mambo manne kabla ya kukata tiketi. Fedha zipangwe kwa msimu, pamoja na chakula cha miezi 12 hadi mavuno ya kwanza, na tena mwaka wa pili. Ardhi iwe na karatasi na mashahidi, kwa sababu neno la chifu au la mjomba hufa pamoja na mwenye neno. Wafanyakazi wahesabiwe kwa bei ya kweli ya mahali, kama ambavyo sisi tusingekubali kusafisha ofisi hapa bila mkataba. La nne ndilo ninaloliona zito kuliko yote, nalo linahusu aliyebaki.

Katika kila shamba tunaloliota yupo mtu anayelima sasa hivi. Mara nyingi ni mama, dada, au mjane wa kaka. Ndiye aliyeifanya ardhi isichukuliwe na majirani, ndiye anayejua mahali maji yanaposimama. Sisi tunapofika na michoro yetu, tukampa ahsante na kanga, tukamwondoa kwenye sehemu nzuri ili kupanda miche, tunarudia yale ya kampuni na serikali: tunaichukua kazi yake kana kwamba iliota yenyewe. Ugomvi wa ardhi unaozigawa familia zetu nyingi huanzia hapo, na mara nyingi mwishoni hakuna anayelima: mrejeaji amekata tamaa amerudi Ulaya, na dada amehamia mjini.

Basi simu inayofuata ya nyumbani isianze kwa kuuliza ekari ngapi. Tumuulize yeye angependa shamba liwe nini, analipwa nini kwa kazi yake, na jina lake litaandikwa wapi. Kama atakubali kutupokea tuwe wanafunzi wake kwa misimu miwili mitatu, hapo tunaweza kusema kwamba tunarudi kulima. Na msomaji aliyekwisha kurudi, akafaulu au akashindwa, tunamwomba atuandikie hesabu zake kwa ajili ya toleo lijalo, ili wanaofunga mizigo wazisome kabla hawajaondoka.